Shajara ya mradi: mtambo wa kupuliza mbu Shela, na samaki wa birika

Jumamosi

Naweka hii kazi kwa maandishi manake kila fundi nikikutana naye gatini ananiuliza ati we ndo unafunga ile mashine ya mbu Shela, inafanyaje, ni kweli inamaliza mbu wote, na mi nimechoka kurudia maneno yale yale. Nyumba yenyewe iko Shela, kisiwani Lamu, ni ya gorofa mbili, mawe na chokaa, mbele ina bustani ya mikilua na miasumini na minazi, katikati ina kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kama nyumba zetu za zamani, na ndani ya kiwanda kuna birika, tangi la maji la kujengwa. Mwenye nyumba yuko Mombasa, anakuja sikukuu na likizo na wageni wake, na wageni wakikaa baraza ya bustani ikifika magharibi wanaumwa mpaka wanakimbilia juu. Sasa kaona mtambo mahali, kaupenda, kasema funga kote, bustani, kiwanda, na dari, yaani kule juu ya paa. Anayekaa na nyumba ni Ami Shee, na ntamtaja sana humu.

Mtambo wenyewe si kitu cha kutisha. Kuna pipa la lita 200 na kitu lenye maji yaliyochanganywa dawa, juu yake pampu, kwenye pampu kuna taima. Kutoka kwa pampu inatoka laini ya nailoni ya robo inchi, nyembamba kama kidole cha mtoto, inazunguka ukuta na ua wote, na kila mita mbili na nusu au tatu unatia nozeli yenye tundu dogo mno, sehemu ya tatu ya milimita hivi. Taima ikifika saa yake pampu inawaka, presha inapanda kama bar 15, nozeli zote zinapuliza pamoja kwa sekunde 30 mpaka 60, halafu zinazima. Inafanya hivo mara mbili tatu kwa siku, alfajiri na magharibi. Matone yanayotoka ni madogo sana, hayadondoki chini kama mvua, yanaelea kidogo ndo yatue kwenye majani, na mbu akipita katikati au akiwa amelala chini ya jani yanampata. Huko Marekani wameanza nayo kwenye mabanda ya farasi na ng'ombe kwa sababu ya nzi, baadae ndo watu wakaipeleka majumbani. Nilipomwambia Ami Shee hilo akacheka, akasema basi tuwafungie punda kwanza, wao ndo wenye mji.

Jumatatu

Mzigo umefika. Basi mpaka Mokowe, boti mpaka gati ya Shela, halafu punda. Pipa tupu halina uzito ila ni pana, vichochoro vya huku unavijua, punda mmoja alikwama kwenye kona ikabidi tulishushe tulibiringishe.

Kufungua maboksi nikaanza na kibao cha pampu kabla ya kitu kingine chochote, na alhamdulillahi, manake kibao kinasema volti 115. Duka lile la Mombasa lilihakikishiwa mara kadhaa kwamba stima yetu ni 240, wakajibu sawa boss, wakaleta hii. Ningeichomeka ukutani mota ingeungua hapo hapo. Wakaniambia nunua transfoma. Nikawaambia mtambo unaofanya kazi pekee yake saa kumi na moja alfajiri watu wamelala siuwekei transfoma ya kupata moto kwenye kistoo cha mbao, leteni pampu ya 240. Maneno mengi, mwishowe wamekubali. Kwa hivo wiki hii ni kupima na kutembeza laini tu.

Kuna aina nyingine isiyo na pipa, ile inachukua maji ya mfereji moja kwa moja na kuchanganya dawa palepale inapopuliza. Nzuri, dawa haikai imechanganywa muda mrefu, hamna hatari ya pipa kumwagika. Lakini inataka maji ya mfereji yenye presha saa zote, na hapa kwetu maji ya mfereji yana siku zake. Pipa basi.

Jumanne

Leo sikugusa spana. Nilizunguka na Ami Shee na tochi na kikombe cheupe cha kuchotea, tunatafuta mbu wanatoka wapi. Hii hatua wengi wanairuka manake haina mauzo, na kwangu ndo kazi yenyewe.

Cha kwanza, bomba la hewa la tangi la choo, limesimama nyuma ya jiko halina wavu. Tulikaa pale jua likizama, bomba linatoa mbu kama moshi, Ami aliweka kitambaa cheupe juu ya mdomo wake kwa dakika chache tu kilipogeuzwa kilikuwa na madoa meusi mengi mengi. Hao ni kuleksi, wale wa kelele sikioni, wanapenda maji machafu, na kwa pwani yetu ni miongoni mwa wanaoeneza matende. Cha pili, vifuu vya nazi nyuma ya ua, kila kifuu kina kijiko cha maji ya mvua na viluwiluwi vinacheza. Cha tatu visahani vya chini ya vyungu vya maua kule dari. Hao wa kwenye visahani na vifuu ni wengine, aedes, weusi wenye pete nyeupe miguuni, wanauma mchana.

Watu wa Amu, yaani Lamu, hawana haja ya kuelezwa sana habari ya aedes. Mwaka 2004 chikungunya iliingia hapa kisiwani, ulikuwa wakati wa ukame, watu wameweka maji ndani ya mapipa na mitungi, na uchunguzi uliofanywa Oktoba ya mwaka ule ulikadiria asilimia 75 ya watu wa kisiwani walikuwa wameshaupata. Ami Shee anakumbuka alivyokuwa hawezi kufunga vifungo vya kanzu kwa vidole kuuma. Mwaka uliofuata ugonjwa ukaonekana Komoro na Réunion. Sasa fikiria, mbu aliyeleta yale yote anauma asubuhi na alasiri, na huu mtambo unapuliza alfajiri na magharibi. Hata ukinunua wa bei gani.

Cha nne ndo birika. Nikamulika, maji meupe mpaka chini, ile sahani ya kaure ya kizamani iko pale pale kwenye sakafu yake, na visamaki vyembamba vinazunguka. Kiluwiluwi hata kimoja sikukiona. Nikatia kikombe kona zote, hamna. Hivi visamaki babu zetu walivitia makusudi, vinakula viluwiluwi, na vinakaa humo miaka na miaka havidai dawa wala stima. Ami akaniuliza, "Na hiyo dawa yako, samaki hawa itawafanyaje?" Nikamwambia itawaua, ami. Akanyamaza, akaenda zake kuzima jiko.

Jumatano

Kuhusu dawa, manake hapa ndo watu wanachanganya.

Zinazotumika sana kwenye hii mitambo ni za aina mbili. Kuna pairethrini, inayotoka kwenye maua ya pareto, yale yale ya Nakuru na Nyandarua, Kenya ilikuwa inaongoza dunia nzima kwa pareto enzi zile. Na kuna permethrini na ndugu zake, zilizotengenezwa kiwandani kwa kuiga hiyo ya maua. Zote zinapiga mishipa ya fahamu ya mdudu, anapooza anaanguka. Pairethrini huwa inatiwa PBO, ambayo yenyewe haiui sana, kazi yake ni kuzuia mwili wa mbu usiivunje ile sumu. Pairethrini jua linaiharibu kwa muda mfupi, ndo sababu mojawapo hupulizi mchana. Permethrini inakaa zaidi.

Watu wanasema dawa ya maua haina madhara. Kwa mtu ina unafuu, kweli, na kipimo kinachopulizwa ni kidogo sana. Lakini kwa samaki ni sumu kali, kwa nyuki ni sumu kali, maua au si maua. Na permethrini kwa paka ni hatari, mwili wa paka hauwezi kuivunja, na mji huu una paka kuliko watu, wanalala juu ya kila ukuta ninaotaka kupitisha laini. Kwa hivo permethrini nimeikataa kabisa, tunatumia ya pareto yenye PBO, iliyosajiliwa na PCPB, ile bodi ya Kenya ya kudhibiti dawa za wadudu, na lebo yake iwe inaruhusu kutumika kwenye mtambo wa kupuliza nje. Dawa ya kupulizia mahindi au ng'ombe usiitie humu ati ni jamaa moja.

Jambo lingine la kufikiria, neti zetu za kulalia zimetiwa dawa za jamaa hii hii. Mbu wa malaria sehemu nyingi za Afrika wameshaanza kuzizoea. Ukipuliza kila siku bila sababu, unawafundisha zaidi. Na mbu wa malaria wengi wanauma usiku wa manane ndani ya nyumba, saa ambayo mtambo wako umezima zamani, kwa hivo usije ukaniambia nimefunga mashine nimetoa neti. Neti haitoki.

Alhamisi

Simu na mwenye nyumba, ndefu. Yeye mpango wake ni nozeli 24, kiwanda ndani. Nikamwambia kiwanda sikifungi. Sababu ni birika, na sababu ya pili ni kwamba kiwanda kina kuta nne hakina upepo, dawa itakaa mle na mle ndo jikoni na vyombo na kitanda cha kamba cha Ami. Akasema tufunike birika. Nikamwambia ukifunika kila siku mara mbili nani atafunika alfajiri, na ukifunika kwa bati ukasahau siku moja tu samaki wamekwisha, na samaki wakiisha utakuwa umejitengenezea kiwanda cha mbu katikati ya nyumba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema "haya fundi, we ndo uko hapo". Dari pia nimeitoa, upepo wa juu utachukua kila kitu mpaka kwa jirani. Tumebaki na bustani, nozeli 14.

Nilimtumia na bei ya wavu wa bomba la choo, akacheka ati bei ya soda.

Jumamosi

Wavu umefungwa, wa plastiki, manake wa chuma kwa chumvi ya huku haumalizi msimu. Vifuu vimekusanywa vikaenda kuwashia moto. Visahani vya dari tumetia mchanga, maji yananyweka na mche unapata. Ami amewapa kazi watoto wa jirani, kila Ijumaa wakitoka chuoni wanapita kumwaga chochote chenye maji, malipo yao kaimati.

Kwa wale wenye vyoo vya shimo, iko njia nyingine nayoipenda, Makunduchi kule Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga vidonge vidogo vya polistaireni, yale mapovu meupe ya kupakia vyombo, juu ya maji ya mashimo ya vyoo, yakafunika uso wa maji mbu wasiweze kutaga wala viluwiluwi kupumua. Mbu walipungua sana, na yanakaa miaka.

Jumatatu

Pampu ya 240 imefika, kibao nimesoma mara mbili.

Laini nimeipitisha chini ya ukingo wa baraza na juu ya ua, klipu za plastiki, skrubu za stenlesi. Ukuta wa mawe ya matumbawe na plasta ya chokaa hautaki drili ya nyundo, unavunjika vipande vikubwa, toboa polepole na drili ya kawaida utie plagi. Laini nimeifanya mduara, mwisho wake unarudi kwa pampu, ili presha ifike sawa nozeli zote, ukiiacha mkia zile za mwisho zinakojoa badala ya kupuliza. Kila nozeli ina kivalvu ndani, presha ikishuka kinafunga, kwa hivo haidondoshi dawa usiku kucha.

Nozeli zinaangalia majani, haziangalii viti. Mbu mchana analala kwenye kivuli, chini ya majani ya mikilua, nyuma ya mitungi, kwenye ua, unamfuata pale. Mbili nimezishusha karibu na ardhi kwenye kichaka cha ua wa nyuma. Hakuna hata moja inayoelekea kichochoroni, watu wanapita kwenda msikitini.

Pipa liko kistooni, kivulini, limefungwa kufuli, na chini yake nimejenga ukingo wa saruji unaoweza kushika pipa zima likipasuka. Wengine wataona nimezidisha. Lakini maji ya kunywa ya Amu yanatoka kwenye visima vya haya haya matuta ya mchanga ya Shela, mchanga unanyonya kila kitu, sitaki pipa la sumu limwagike juu ya kisima cha mji.

Jumanne

Kabla ya kufunga nozeli tumesukuma maji matupu kwenye laini mpaka yatoke safi, manake vipande vya plastiki vya kukatia laini ndo vinaziba matundu siku ya kwanza. Halafu nozeli, halafu jaribio kwa maji.

Kipimo nilivyofanya: nimeingiza nozeli kwenye shingo ya chupa, nikazungusha kitambaa mvuke usitoke, nikaacha dakika moja, nikamimina kwenye bomba la sindano la mililita. Imetoka mililita 50 kasoro kidogo. Nozeli 14 kwa sekunde 45 ni nusu lita na kidogo, mara mbili kwa siku ni kama lita moja. Kwa hivo pipa nusu linakwenda miezi mitatu. Sijazi pipa zima kwa sababu dawa ikishachanganywa na maji inaanza kupungua nguvu, na maji ya chumvichumvi ya kisima yenye chokaa yanaiharibu mapema zaidi. Tumetumia maji ya mvua ya tangi la plastiki. Pampu ina kikorogeo, inazungusha maji ya pipa kidogo kabla ya kila kupuliza, usiponunua yenye kikorogeo dawa inapanda juu maji yanabaki chini, siku moja unapuliza maji na siku nyingine unapuliza sumu kali.

Saa tumebishana na Ami kwa kahawa. Alfajiri tukaweka saa kumi na moja na nusu, watu wako ndani ya msikiti, nyuki hawajatoka. Jioni baada ya adhana ya magharibi, kichochoro kimetulia. Uzuri wa kwetu ni kwamba jua kwa mwaka mzima linasogea kama nusu saa tu, taima haitaki kuguswaguswa. Rimoti anayo Ami, na kazi yake si kuwasha. Ni kuzima, kukiwa na wageni uani, kukiwa na upepo, kukiwa na mvua.

Baadae, kaskazi imeanza

Majibu. Jioni barazani mbu wapo, wachache, mtu anaweza kukaa na kikombe chake. Mwenye nyumba amefurahi, amewaambia wageni wake ni mashine. Ami Shee anasema ni wavu wa choo. Tukafanya kitu, tukazima mtambo wiki nzima, hakuna kupuliza kabisa, tukakaa barazani kila jioni. Waliongezeka kidogo, kweli, hasa upande wa ua wa jirani ambako hatujagusa kitu. Lakini hawakurudi kama zamani hata karibu. Kwa hivo mi na Ami tumekubaliana mtambo unawaka pale mwenye nyumba akiwa na wageni na siku za baada ya mvua, siku nyingine umezima. Dawa inadumu, nyuki wa mikilua wanapumua.

Nozeli mbili zimeziba, zina ukoko mweupe kwenye tundu, nimezilaza kwenye siki usiku mmoja zikafunguka. Usitie sindano, tundu likipanuka kidogo tu inatoa matone makubwa, yanadondoka hayaelei. Terminali za waya za taima zimeanza kijani cha chumvi, nimezipaka grisi na kisanduku nimekiziba kwa silikoni. Stima ilikatika usiku mmoja, taima ina betri yake ndogo, saa haikupotea.

Samaki wa birika wako vizuri, Ami anawahesabu kila asubuhi na kuniletea habari zao gatini hata sijamuuliza.

Kusi ikiingia ntahamisha nozeli mbili za upande wa bahari, upepo ule unapiga moja kwa moja kwenye baraza na dawa itawarudia waliokaa. Jirani wa nyuma naye ameniita, anataka mtambo kama huu, nikamwambia nionyeshe bomba la choo kwanza, limekaa wazi vile vile, amelipa nusu ya wavu na tutalifunga Alhamisi. Mtambo tutazungumza baada ya mvua.